Uji wa Mkwe na Gesi ya Daktari

Mpaka leo nikipita mbele ya nyumba ile ya Diani natema mate kando ya njia. Najua si adabu. Shangazi yangu, ambaye ndiye mwenye haki ya kutema, hunikemea: "Mwanangu, mate yako yatamfanya nini yule daktari? Hata akiwemo ndani, hakuoni."

Nyumba yenyewe ni nzuri. Ina paa la makuti yaliyokatwa sawasawa ukingoni, na baraza mbili, moja yaelekea baharini na nyingine yaelekea jikoni. Katika miaka ya hamsini daktari mmoja wa meno, Mzungu, alikuwa akitoka Mombasa kila Alhamisi ya pili, yaani kila baada ya wiki mbili, kuja kutibu watu hapo. Wazungu wenzake waliingia kwa baraza ya baharini. Sisi tuliobaki tuliingia kwa baraza ya jikoni, tukapita katikati ya kuku na sufuria za mpishi.

Nilikuwa nimerudi nyumbani, kijiji kilicho nyuma kidogo ya Msambweni, kwa likizo ndefu ya chuo kikuu. Nilirudi na sanduku la vitabu na tabia iliyowachosha watu wote: kila nilichoambiwa nilitaka kujua sababu yake. Kwa nini mtoto asikae kizingitini? Kwa nini chifu apelekewe kuku? Kwa nini kodi ya kichwa, na kichwa ni changu? Shangazi pekee ndiye aliyenivumilia, kwa kuwa ndiye aliyenilea mama yangu alipofariki, na kwa kuwa yeye mwenyewe alipenda kubishana kuliko kula. Kwenye harusi za kwetu ndiye aliyekuwa akiwajibu watu wa upande wa pili kwa nyimbo za vijembe, na wengi walinyamaza kabla yake.

Safari hiyo nilimkuta kajifunga kanga kutoka kidevuni hadi utosini. Shavu la kushoto lilikuwa limevimba, ngozi imekaza na kung'aa, jicho limebaki kijistari. Nikamwamkia.

"Shikamoo shangazi."

"Marahaba," akajibu kwa pua. Mdomo haukufunguka.

Jirani alikuwa amemfukiza kwa mbegu za tunguja, moshi ukaingizwa mdomoni kwa bua la mpapai, ili mdudu anayekula jino atoke. Nikasema hakuna mdudu. Nikaeleza habari za vijidudu vidogo mno visivyoonekana kwa macho, vinavyofanya usaha. Alinisikiliza mpaka mwisho, huku ameshika taya.

"Mdudu wangu umemwona?"

"Sikumwona. Hayupo."

"Na hao wako umewaona?"

"Hawaonekani, shangazi. Mpaka kwa mashine."

"Basi wangu haonekani na wako hawaonekani. Tofauti yetu ni hiyo mashine, na hukuja nayo."

Hata katika hali ile alitaka kucheka, akashindwa, machozi yakamtoka kwa maumivu. Hapo ndipo nilipoogopa.

Dresa wa zahanati, mtu wa kufunga vidonda, alimtazama kwa kurunzi. Mdomo ulifunguka upana wa kidole kimoja tu. Alinivuta pembeni akasema usaha umeshika mfupa na unashuka, na ukifika kooni utaziba njia ya pumzi. Yeye hana chombo wala dawa ya kazi hiyo. Niende Diani kwa daktari wa meno. "Usingoje," akasema. "Hii si habari ya kungoja."

Siku ya Jumatatu nikaenda Diani kuchukua miadi. Daktari hakuwepo, ila karani wake alikaa pale wiki nzima. Alikuwa mtu wa makamo kutoka Mombasa, kaptura nyeupe iliyopigwa pasi kwa wanga, soksi ndefu, miwani, kalamu mbili mfukoni. Ukutani mwa baraza ya jikoni kulikuwa na ubao uliopakwa rangi nyeupe na kuandikwa sheria kwa herufi nyeusi. Malipo ni kabla ya matibabu. Asiyefika kwa saa yake amepoteza malipo. Atakayelazwa kwa gesi ya usingizi asile wala asinywe kitu tangu usiku.

"Kung'oa kwa gesi shilingi ishirini," karani akasema. "Bila gesi kumi. Jino lenye usaha huondolewa kwa gesi. Sindano ya ganzi haiingii sawasawa."

"Na wanaoingia kwa mbele hulipa ngapi?"

"Wale hupelekewa hesabu yao kwa posta."

"Baada ya kutibiwa?"

"Baada."

"Kwa nini sisi tulipe kabla?"

"Ninyi mna sanduku la posta?"

Nilikuwa na jibu, lakini nilikumbuka lile taya, nikalimeza. Nikatoa fedha. Nusu zilikuwa zangu, nusu alizipata shangazi kwa kuuza majamvi mawili aliyokuwa akimsukia binti yake. Karani akaandika: Alhamisi, saa nne asubuhi.

"Na hili la kutokula," nikauliza, "sababu yake nini?"

"Wewe ndiye unayeng'olewa?"

"Ni shangazi yangu."

"Basi mwambie asile."

"Ataniuliza kwa nini."

"Mwambie daktari kasema."

"Daktari kasema kwa nini?"

Aliweka kalamu mezani, akanitazama vizuri. "Bwana mdogo, waonekana umesoma. Watu waliosoma hawaulizi maswali kama haya."

"Nilidhani ndio wayaulizao."

"Sheria ni sheria. Saa nne. Ukichelewa, fedha zimekwenda."

Nilisomea historia. Kuhusu gesi sikujua lolote. Nilipomwuliza dresa alisema naye aliambiwa hivyo hivyo alipokuwa akifunzwa, kwamba mgonjwa wa gesi asile, na hakuambiwa zaidi. Nikabaki nalo kama nilivyopewa, nikampelekea shangazi kama nilivyopewa: asile, daktari kasema. Akacheka kwa pua.

"Mwezi mzima wa Ramadhani nafunga, jua la Mungu lanipiga shambani. Nitashindwa na asubuhi moja? Hilo tu ndilo sharti lao?"

Kwa hiyo njaa haikuwa tatizo. Nataka hilo lieleweke, kwa sababu baadaye nilimsikia yule karani akisema watu wetu ni walafi.

Tatizo lilikuwa basi. Basi lililopita kwetu asubuhi lilikuwa moja, na lilitufikisha Ukunda jua bado changa. Kutoka Ukunda hadi nyumba ya daktari ni mwendo mfupi wa miguu kupita mashamba. Nikasema twende moja kwa moja, tukakae kwenye ile baraza mpaka saa yetu ifike. Shangazi akasimama katikati ya njia.

"Tupite mlangoni kwa mkwe wangu bila hodi?"

Binti yake alikuwa ameolewa pale Ukunda miezi michache nyuma, na nyumba ya mumewe ilikuwa kando ya njia ile ile. Tangu harusi shangazi hakuwa ametia mguu humo. Kwetu, mama wa bibi harusi aingiapo kwa wakwe zake mara ya kwanza hupikiwa, na lazima ale. Akiondoka bila kula amesema, bila kutoa neno, kwamba kaona baya: binti kakonda, nyumba chafu, au mahari ina maneno. Wakwe husikia hivyo, na majirani nao husikia. Wa kuulizwa ni yule binti aliyebaki ndani. Akipita mlangoni bila kuingia, ndiyo mbaya zaidi.

"Shangazi, wewe ni mgonjwa. Wataelewa."

"Wataelewa nini? Kwamba mguu wangu waweza kufika Diani kwa Mzungu, ukashindwa kufika uani kwao?"

"Tutaingia, tutasalimu, tutatoka. Usile."

"Sitakula," akasema, na najua alikusudia hivyo.

Mimi nilikaribishwa barazani na wanaume, nikaletewa kahawa. Yeye akaingizwa uani kwa wanawake. Yaliyotokea huko alinisimulia baadaye njiani, kwa maneno mafupi, kila neno likipita penye maumivu.

Mkwe wake, mama wa kijana aliyemwoa binti, alimpokea kwa vigelegele vya chini chini kwa heshima ya ugonjwa. Akamtandikia jamvi. Akaona taya, akagonganisha viganja kwa huruma, akasema huyu hatafuni, akaenda mwenyewe jikoni kupika uji wa mchele kwa tui la nazi, mwepesi, wa kunyweka. Alitia sukari na hiliki. Alikuwa ameamka usingizini dakika hiyo, nywele hazijafungwa, na alipika kwa mikono yake ingawa wake za wanawe walikuwepo. Shangazi akasema asisumbuke, amekatazwa kula.

"Na nani?"

"Daktari."

"Kwa nini?"

Mwanamke yule ambaye hajawahi kukosa jibu kwenye harusi yoyote kutoka Msambweni hadi Kinondo alikaa kwenye jamvi la mkwe wake bila jibu, kwa sababu hakupewa.

"Daktari akukataze uji?" mkwe akasema, na sauti ilikuwa imeanza kubadilika. "Uji si ndio chakula cha mgonjwa? Au kuna jambo, mkwe wangu? Sema. Hapa hakuna mgeni."

Binti alikuwa amesimama mlangoni mwa jiko. Alimtazama mama yake tu. Shangazi akapokea bakuli.

Haya niliyasikia tukiwa tumeshafika kwenye minazi ya Diani.

"Nimekunywa," alisema ghafla.

"Umekunywa nini?"

"Uji. Bakuli moja. Usinipigie kelele, kelele zaniingia kwenye jino."

Sikupiga kelele. Nilitembea mbele yake huku nikipiga teke maganda ya nazi. Kwenye baraza ya jikoni tulikuta watu wanne wamekaa kwenye bao refu la kukalia. Mmoja alikuwa mkwezi wa minazi wa Kinondo, mtu wa kifua kipana, shavu lake nalo limejaa, na hakuacha kuzungumza. Alitupisha, akamwuliza shangazi kwa heshima ni jino gani, kisha akamwona alivyoinama.

"Mama, mbona huzuni? Gesi raha. Nimeambiwa waota ndoto."

"Nimekula," shangazi akasema.

"Kila mtu kala!" Akapiga paja lake, na wenzake wakacheka. "Mimi nimepiga muhogo na papa saa hii. Mtu apande mnazi alfajiri kisha akae njaa kwa ajili ya ubao? Ukiulizwa, sema hujala. Wao huuliza ili wajue kama una adabu, basi."

"Mimi nilisema sijala," akaongeza mama mmoja, "na chai ya maziwa iko hapa kooni."

"Nitie uongo mdomoni," shangazi akasema, "mdomo wenyewe wauma hivi?"

Karani akatoka, akaita mgonjwa wa saa nne. Akamwuliza. Shangazi akasema kweli: bakuli moja la uji, saa mbili. Karani akafunga macho kama mtu aliyechoshwa na watoto.

"Niliwaambia."

"Ulituambia asile," nikasema. "Nilikuuliza kwa nini, hukujibu."

"Gesi hapati. Arudi Alhamisi ya pili, alipe upya."

"Hatafika Alhamisi ya pili. Mtazame shingo. Basi angoje, atibiwe alasiri, uji utakuwa umeshuka."

"Alasiri ni miadi ya mbele."

"Yote?"

"Saa za alasiri ni za mbele."

Nikapaza sauti. Nilisema kwa Kiingereza, makusudi, ili isikike ndani, na kweli daktari akatoka na aproni yake. Alikuwa mtu mwenye mikono mikubwa myekundu na uso wa mtu anayetaka kumaliza kazi. Aliliangalia taya la shangazi, akalishika kwa vidole viwili, taratibu kabisa. Hakuwa mtu mkatili. Laiti angekuwa mkatili ningemchukia nikatulia. Alisema amekula, gesi haiwezekani, na hana nafasi nyingine siku hiyo. Anaweza kulitoa sasa hivi bila gesi, au wiki mbili zijazo kwa gesi. Mgonjwa achague. Alisema kila mgonjwa ana wajibu wake na watu hawa hawatimizi wao. Watu hawa. Mimi nilikuwa nimesimama pale na Kiingereza changu chote mkononi.

Nilimtafsiria shangazi yale ya kuchagua. Ya wajibu niliyaacha.

"Mwambie ang'oe," akasema. "Nimezaa watoto sita bila gesi."

Sitaeleza yote. Daktari alijaribu sindano, mara mbili, na sindano haikushika kwa sababu ya usaha, kama karani alivyokuwa amesema. Karani alishika kichwa kwa nyuma. Mimi niliambiwa nishike mikono. Mdomo uliofunguka kidole kimoja ulifunguliwa kwa chuma. Shangazi alikuwa akisema "Ya Latifu" mpaka chuma kilipoingia, na baada ya hapo niliisikia kooni tu, bila ulimi, ile ile, tena na tena. Kucha zake ziliingia kwenye kifundo cha mkono wangu, na alama nilirudi nazo chuoni. Jino lilivunjika. Mizizi ilitafutwa mmoja mmoja. Usaha ulipotoka ulitoka mwingi kuliko nilivyodhani unaweza kukaa ndani ya uso wa mtu, na harufu yake ikajaza chumba.

Kengele ikalia huku mbele, gari lilikuwa limefika. Karani akakiachia kichwa, akakimbia kwenda kupokea watu wa baraza ya baharini. Daktari akaanza kunawa mikono. Shangazi alikuwa na pamba mdomoni, damu kwenye kanga. Nilimshika bega tuondoke. Hakuondoka. Akaitoa pamba.

"Mwulize," akaniambia. "Mwulize kwa nini nisile."

Nikamwuliza. Daktari akageuka, akaonekana kushangaa kwamba kuna mtu anauliza. Akamjibu yeye mwenyewe, kwa Kiswahili chao.

"Mama, wewe nakula, mimi napa gesi, wewe nalala. Tumbo natapika. Chakula narudi juu, naingia ndani ya pafu. Hapana weza kohoa, sababu nalala. Kufa tu."

Akafuta mikono. Muda wote ule haukufika muda wa kumenya chungwa.

Shangazi alimtazama.

"Hayo tu?" akasema.

"Hayo tu."

"Mwambie," akanigeukia mimi, na sasa ilikuwa sauti yake ya harusini, ingawa ilitoka kwenye damu, "mwambie kwamba ningemwambia mkwe wangu maneno haya, angeuficha uji ule hata nisiunuse. Nani ampe mgeni wake kifo? Mwambie wakwe zangu ni watu. Wangesikia."

Nilimwambia. Daktari akasema imeandikwa kwenye ubao. Nikamwambia kwamba ubaoni imeandikwa amri na sababu haimo. Akasema sababu ni kazi ya daktari na kutii ni kazi ya mgonjwa, na kwamba kuna mgonjwa mwingine.

Nimelifikiri jibu lile mara nyingi kuliko somo lolote nililofundishwa. Hivi walidhani sisi tunaishi bila sheria mpaka waje na ubao wao? Shangazi alikuwa na sheria asubuhi ile, na sheria yake ilikuwa na sababu. Alimjua atakayeumia akiivunja, na huyo alikuwa amesimama mlangoni mwa jiko akimtazama. Ile ya daktari ilikuja uchi. Ilikuja kama vile chifu anavyoagiza watu wakachimbe barabara. Halafu wanashangaa imeshindwa! Na kumbe ilikuwa sheria nzuri, hilo ndilo lililonitia wazimu. Nilikwenda Diani nikitarajia kwamba sababu ikipatikana itakuwa ya kipuuzi, nipate kuicheka. Ilikuwa ya kuokoa roho za watu, na waliikalia kama siri ya familia.

Tulipotoka barazani mkwezi alikuwa anasubiri zamu yake, bado anachekesha watu.

"Enhe, mama, vipi?"

Shangazi akasimama mbele yake. Alitema damu kwenye mchanga, akamwambia yote: gesi, usingizi, tumbo, pafu. Alimwambia polepole, kwa kuwa hakuweza haraka. Kicheko kikaisha. Mama mwenye chai ya maziwa akashika koo lake.

"Muhogo," mkwezi akasema.

"Muhogo na papa," shangazi akasema.

Mkwezi akainuka, akachukua kofia yake, akaondoka bila kuaga, na mama yule akamfuata. Karani alipotoka kuita jina alikuta bao lina watu wawili. "Waoga," akasema, akapiga mstari kwenye karatasi yake. Malipo yao yakawa yamekwenda.

Nikamkumbusha kwamba tulilipia gesi na gesi haikutumika, turudishiwe kumi zetu. Akasema gesi iliandaliwa. Nikauliza iliandaliwaje, ilipikwa? Akasema kama nina malalamiko niandike barua kwa Kiingereza, kwa kuwa nimesoma.

Basi la kurudi lilikuwa jioni, na damu ya shangazi haikutaka kukatika upesi, kwa hiyo tulikaa chini ya mti wa mkilifi ulioko nje ya ua, yeye kalala kichwa chake mapajani pangu. Kutoka pale baraza ya baharini ilionekana. Adhuhuri ikapita. Watu wa mbele wakaja, wakaenda, na gari la mwisho likaondoka. Alasiri ikaingia. Daktari akatoka, akakaa kwenye kiti cha henzerani, akaletewa chai. Akafungua gazeti. Akalisoma ukurasa kwa ukurasa. Akaongezewa chai.

Karani alipita akielekea kisimani. Nikamwuliza daktari anangoja nini.

"Bibi mmoja. Ametuma mtu na kijibarua, kapata wageni, haji."

"Miadi yake ilikuwa saa ngapi?"

"Saa tisa."

"Asiyefika kwa saa yake amepoteza malipo."

Karani alinitazama kama mtu anayemfundisha mtoto kuhesabu. "Bwana mdogo, yeye hajalipa. Atapotezaje?"

Akaenda zake na ndoo. Nilitaka kuinuka, nikamfuate, nikamshike ile kola yenye wanga. Kichwa cha shangazi kilikuwa mapajani pangu na alikuwa amepata usingizi kwa mara ya kwanza baada ya siku nyingi. Nilikaa. Nilimtazama mtu anakunywa chai katika ile saa ambayo shangazi yangu angelala kwa gesi, uji umeshashuka, na kuamka jino limetoka. Aliinywa yote mpaka ikaisha.

Jioni tulipita tena kwa mkwe. Alipoona kanga ina damu alitoka mpaka njiani. Shangazi akamwambia ile sababu, na mwanamke yule akakaa chini palepale mchangani.

"Mkwe wangu! Ningekuua kwa mkono wangu? Kwa hiliki yangu?"

"Hukujua."

"Mbona hukuniambia?"

"Ningekwambia nini, nami sikuambiwa?"

Wakashikana mikono, wakalia, kisha shangazi akasema jambo lililowafanya wacheke, sikulisikia, na binti akatoka na sufuria ya uji uliobaki, umepoa, wa kupita penye kidonda. Alikunywa wote.

Uvimbe ulishuka, na shangazi akapona. Alibaki na kovu chini ya taya ambalo huwaonyesha watu akitaka kushinda mabishano.

Likizo iliyofuata nilikuta jambo jipya. Watu wa huku kwetu waliokwenda kwa daktari wa meno walikuwa wakipita kwa yule mkwe wa Ukunda, ambaye alikuwa amejipa kazi bila kuajiriwa na mtu. Aliwakaribisha, akawakalisha, akawaonyesha sufuria imefunikwa. "Chakula chako kiko hapa," huwaambia. "Utakula ukirudi. Ukila sasa kitakuingia pafuni." Hakuna aliyechukia, na hakuna binti aliyeulizwa neno. Desturi ambayo karani angesema ni ngumu kama jiwe ilisogea kwa siku moja, kwa maneno ya mama mmoja mwenye pamba mdomoni.

Yule karani nilikutana naye sokoni Ukunda, ananunua ndizi. Nilitaka kumpita. Yeye ndiye aliyeniita, tena kwa uchangamfu.

"Bwana mdogo! Watu wa kwenu siku hizi wamestaarabika. Hawali tena. Wameanza kutii."

Nikahisi kile kifundo cha mkono kinawaka.

"Ubao umebadilishwa?"

"Ubadilishwe kwa nini?"

"Basi hawatii," nikasema. "Wamejua."

"Wamejua nini?"

Nilidhani anafanya mzaha. Nikamtazama usoni, na haukuwa mzaha. Mtu yule alikuwa amesimama kwenye mlango ule miaka, akiwauliza watu kama wamekula, akiandika majibu yao, akiwaingiza ndani, na hakuna aliyewahi kumwambia kwa nini anauliza.

Nikamwambia. Nilimwambia kwa maneno yale yale ya daktari, bila huruma, na nilitaka yamwume.

Aliliweka kapu lake chini. Ndizi moja ikadondoka, hakuiokota.

"Wale waliokuwa wakisema hawajala," akasema polepole.

"Naam."

"Mimi nilikuwa najua wanadanganya. Nilikuwa nawaona midomo ina mafuta." Akavua miwani yake, akaishika tu. "Nilikuwa nawaacha waingie. Nilifikiri nawasaidia."